Mstari Uliopinda Uwanjani

Sura ya Tisa

Inspekta alipiga magoti kwenye sakafu ya mnara, akasogeza pua karibu na ukuta, akanusa.

Koplo alikuwa amesimama mlangoni, mwavuli kwapani. Alimtazama bosi wake kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Afande, ukuta unanuka nini?"

"Mafuta ya cherehani," alisema Inspekta. "Njoo unuse."

"Nakuamini tu, afande. Magoti yangu hayataki."

Ukutani palikuwa na mabaki ya chokaa na matundu manne, moja kila pembe. Mpaka juzi palikuwa na bamba la saruji, kubwa kiasi cha dirisha, lenye alama za viganja vya watu. Watu hao ndio waliojenga uwanja huu wa ndege za kijeshi enzi za vita vile vya zamani, kisha wakasahauliwa. Ndege zilipoondoka, askari nao waliondoka. Mnara ulibaki, njia ya kurukia ndege ikabaki, na bamba lile.

Jana mvua ilinyesha mchana kutwa na kila mtu alijifungia kwake. Leo asubuhi ukuta ulikuwa mtupu.

Inspekta aliingiza kidole kwenye tundu moja, akakitoa kinateleza. "Mwizi alitia mafuta kwanza, akangoja yaingie, ndipo akafungua bolti. Hakuvunja hata tundu moja. Umeshaona mwizi mwenye subira kama hii?"

"Mke wangu anapopekua mifuko yangu," alisema Koplo.

Nje injini ya tingatinga ilinguruma, ikatulia kidogo, ikanguruma tena. Matingatinga mawili yalikuwa yamesimama getini tangu alfajiri. Meneja wa mradi alipanda ngazi za mnara akihema, viatu vyake viking'aa kana kwamba tope lilikuwa limemkwepa.

"Inspekta, sitaki kukuchosha," alisema. "Jambo lenyewe ni dogo. Halmashauri ilisema bamba lihamishwe kwanza, lipelekwe kwenye ukumbi wa hoteli yetu mpya, ndipo tusafishe uwanja. Sasa bamba halipo. Andika kwamba limepotea, tia sahihi, tuanze kazi."

"Nikilipata je?"

"Ukilipata tutalipeleka hotelini, tuanze kazi."

"Kwa hiyo likipatikana uwanja unavunjwa. Lisipopatikana uwanja unavunjwa."

Meneja alitabasamu. "Umeelewa haraka. Nakupa mpaka saa sita."

"Mimi hupewa muda na mkuu wangu wa kituo," alisema Inspekta akiinuka na kukung'uta magoti. "Nani ameiba, kwa maoni yako?"

"Watu wa vyuma chakavu. Hata bolti za shaba wamezibeba. Tazama, hawakuacha hata moja."

Ni kweli, sakafuni hapakuwa na bolti. Hapakuwa na kitu chochote. Inspekta alitembea taratibu kutoka ukutani hadi mlangoni akitazama chini. Mtu alikuwa amefagia. Vumbi la chokaa lilikuwa limekusanywa vizuri pembeni, kama afanyavyo mtu anayeheshimu nyumba.

Nyuma ya mlango, juu ya msumari, palining'inia kopo jekundu. Inspekta aliliteremsha, akaliinamisha kwenye kiganja. Zilitoka kokoto, kipande cha waya, msumari uliopinda. Kisha bolti nne za shaba, nzito, zinazoteleza kwa mafuta.

Koplo alipiga mluzi.

"Mwizi wa vyuma," alisema Inspekta, "ameacha chuma, akabeba jiwe."

Meneja hakutabasamu tena.

*

Mlinzi wa uwanja alikaa kwenye kibanda chake cha mabati karibu na geti. Alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi, na mezani kwake palikuwa na chupa ya chai yenye maua mekundu. Aliposimama kupiga saluti alikohoa, na Inspekta akamwomba akae.

"Kopo jekundu la mnarani ni la nani?"

"Ni la wazee, afande. Watoto wa waliofanya kazi hapa zamani. Kila Jumamosi wanapanga mstari, bega kwa bega, wanatembea uwanja mzima wakiokota. Msumari, kokoto, nati, chochote. Wanatia kwenye kopo."

"Kwa nini?"

"Nati ndogo ikiingia kwenye injini, ndege inaanguka. Ndivyo wazazi wao walivyofundishwa."

"Ndege ya mwisho ilitua hapa lini?"

Mlinzi alifikiri. "Mimi sijawahi kuiona."

Koplo alicheka, lakini Inspekta hakucheka. Aligusa chupa ya maua. "Na hii ni yako?"

Mlinzi alitazama chupa, akatazama mlango, akatazama viatu vyake. "Nimeazimwa."

"Na nani?"

"Bibi Soksi."

Inspekta alikuwa amesikia jina hilo. Juu ya mlingoti wa uwanja huo usio na ndege ulining'inia mfuko mrefu wa kitambaa cha rangi ya machungwa, ule unaoonyesha upepo unakwenda wapi. Watu waliuita soksi. Bibi mmoja ndiye aliyeushona, na ulipochakaa alishona mwingine.

"Jana alikuletea chai?"

"Kila siku ya mvua huniletea, afande. Tangu nilipougua kifua. Hata ndugu zangu hawafanyi."

"Ukainywea wapi?"

"Humu humu. Akasema nifunge mlango na dirisha, upepo wa mvua ni mbaya kwa kifua."

"Ukafunga."

"Nikafunga. Nikasinzia kidogo."

Koplo aliguna. "Yaani alikufungia ndani, mzee."

"Hakunifungia!" Mlinzi alisimama kwa hasira na kikohozi kikamrudisha kitini. "Alinihurumia. Andika hivyo. Alinihurumia."

Inspekta aliandika hivyo.

*

Bibi Soksi aliishi kwenye nyumba ya pili baada ya ua wa uwanja. Cherehani yake ilikuwa dirishani, na kitambaa cha rangi ya machungwa kilimwagika kutoka mezani hadi sakafuni. Alikuwa na wageni wawili. Mmoja ni mzee mrefu aliyeitwa Zimamoto, kwa sababu ujanani aliendesha gari la zimamoto hapo uwanjani. Wa pili ni fundi mwashi mstaafu, mwenye mikono inayotetemeka, ambaye alikuwa akihangaika kushika kikombe chake. Bibi Soksi alikuwa amemjazia nusu tu, ili asijimwagie, na hakuwa amesema neno juu ya hilo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Na huyo mwenye tumbo akae pale, hiki kingine kina mguu mbovu."

Koplo alikaa alipoelekezwa.

Inspekta alichukua kichupa kidogo kilichokuwa kando ya cherehani, akakifungua, akanusa. Kilikuwa kimebaki tone.

"Mafuta yameisha, bibi."

"Cherehani inakula mafuta kuliko mume niliyekuwa naye."

"Bamba la mnarani umelichukua wewe?"

"Mimi? Nikalibebe kichwani?"

"Sikuuliza nani alilibeba."

Fundi mwashi alitua kikombe, na kikombe kikagonga sahani mara nyingi kabla ya kutulia.

"Basi nikamate," alisema Bibi Soksi.

"Kwa kosa gani?"

"La kuwa na cherehani."

Zimamoto alicheka kwa sauti nzito, kisha akajizuia. "Inspekta, nikuulize na mimi. Yule mtaalamu wa halmashauri aliyeandika kwamba bamba ni pambo tu lililoletwa kutoka mbali, ulimuona?"

"Nimesoma alichoandika."

"Sisi tulimuona. Alikuja na gari, akashusha kioo, akasema jua kali, akapandisha kioo. Huyu bibi alisimama pale na mwavuli akimwambia, mwanangu shuka, nitakufunika. Hakushuka. Kesho yake tukaambiwa uwanja huu ulijengwa na mashine za jeshi, na ile mikono ni mapambo."

"Na nyinyi mnasema nini?"

"Sisi hatusemi," alijibu Bibi Soksi. "Tumesema mpaka koo limekauka. Mama yangu alibeba mawe ya uwanja huu kichwani, mimi nikiwa mgongoni. Wenzake wengine walilala humo humo ardhini, hawakurudi nyumbani. Halafu mtu mmoja ndani ya gari ananiambia mashine." Aliuvuta uzi, akaukata kwa meno. "Hotelini! Watu wanywe bia wakimtazama mama yangu."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa tano. Alitazama viatu vya fundi mwashi mlangoni, vyenye tope jekundu lililokauka, na vya Zimamoto kando yake, vyenye tope lile lile.

"Naomba msaada," alisema. "Jana mvua imepiga, huenda mwizi ameangusha kitu. Najua leo si Jumamosi. Lakini hakuna anayeujua uwanja huo kama nyinyi. Mniokotee, kama mnavyookota siku zote. Uwanja mzima."

Zimamoto alimtazama Bibi Soksi. Bibi Soksi alikuwa tayari anatafuta viatu.

"Hilo tu?" alisema. "Hilo hata usingeomba. Baada ya mvua lazima kuokotwe."

*

Wazee walikuja kutoka nyumba zote zilizopakana na ua. Wengine walikuja na fimbo, na mama mmoja alikuja akiongozwa mkono na jirani yake, maana macho yake yalikuwa hafifu. Walimweka katikati ya mstari ili asipotee. Yeye kazi yake, alisema Zimamoto, ni kusikia. Akikanyaga nati anaisikia kabla wenzake hawajaiona.

Inspekta hakuenda nao. Alipanda mnarani na Koplo, wakasimama kwenye chumba cha juu ambacho vioo vyake vilikuwa vimevunjika miaka mingi. Mnara ulikuwa umejengwa ili mtu aone uwanja wote kwa mara moja, na kwa kazi hiyo ulikuwa bado mzima.

Meneja naye alipanda. "Hii nini? Sherehe?"

"Upelelezi," alisema Inspekta.

Chini, Bibi Soksi alikuwa ameshika kopo jekundu alilorudishiwa na Inspekta. Zimamoto aliinua mkono. Mstari ukaanza kusogea. Vichwa viliinama, mabega yaligusana. Walitembea polepole kwa mwendo mmoja, na mara kwa mara mmoja aliinama, mstari wote ukamsubiri mpaka ainuke. Hakuna aliyelalamika kusubiri. Fundi mwashi alipoinama, mikono ilimtetemeka juu ya kokoto kwa muda mrefu, na wenzake wakatazama mbele kana kwamba wanapumzika tu.

Kutoka juu mstari ulionekana umenyooka kama uzi uliovutwa.

Walivuka katikati ya uwanja. Walivuka mlingoti wa soksi. Walikaribia mwisho, mahali ambapo saruji ilikuwa imefunikwa na changarawe iliyosombwa na maji.

"Tazama sasa," Inspekta alimwambia Koplo.

Mstari ulipinda.

Ulipinda mahali pamoja tu. Watu wa upande wa kushoto walisogea kushoto, wa kulia wakasogea kulia. Yule mama asiyeona vizuri alivutwa taratibu kwa kiwiko. Katikati pakabaki nafasi, kama maji yanavyoacha jiwe mtoni. Walipopita, mstari ukajifunga, ukanyooka tena. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameinua kichwa.

"Umeona?"

"Nimeona wazee wakiokota kokoto," alisema Koplo.

"Wanaokota kila mahali. Pale tu hawakuokota, na pale ndipo penye kokoto nyingi kuliko pote." Inspekta alianza kushuka ngazi. "Nilijua hawatakubali kuacha hata hatua moja ya uwanja. Nilitaka kujua ni wapi hawatakubali kukanyaga."

Meneja alikuwa amesikia. Aliwapita ngazini, akatembea kwa haraka kuvuka uwanja, akamtangulia Inspekta. Alifika kwenye changarawe, akainua kiatu chake kinachong'aa ili aifagie kwa soli.

"Usimkanyage mama yangu!"

Sauti ya Bibi Soksi ilipasua uwanja mzima. Kiatu cha meneja kilibaki hewani. Hata madereva wa matingatinga getini waligeuka.

Bibi alikuja akichechemea, akapita mbele yake, akasimama. "Toa mguu," alisema. "Toa mguu wako hapo."

Meneja aliutoa.

*

Inspekta alipiga magoti kwa mara ya pili siku hiyo. Aliondoa changarawe kwa mikono. Chini yake palikuwa na kitambaa kizee cha rangi ya machungwa, soksi iliyostaafu, kimetandazwa kama shuka. Alikikunja kando.

Bamba lilikuwepo. Lilikuwa limelazwa kwenye shimo ambalo lililitosha kila upande, kwa sababu lilitoka humo. Kwenye ukingo wake wa juu, pale ambapo mnarani palionekana pamevunjika tu ovyo, palikuwa na kiganja kisicho na vidole. Na kwenye saruji ya uwanja wenyewe, ng'ambo ya ufa mwembamba, vilikuwepo vidole bila kiganja. Kidole cha mwisho kilikuwa kifupi.

Ufa ulipita kati ya mkono ule. Pande zote mbili mistari ya ngozi ilikutana.

Koplo alivua kofia.

"Kidole kile kililiwa na jiwe," alisema Bibi Soksi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kuna mkubwa alikuwa anakuja kutembelea, askari wakataka pambo la mnarani. Wakalipasua hapa, wakaondoka na kipande. Mama akabaki kiganja ukutani, vidole ardhini. Jana tumemrudisha. Hatujaiba. Tumemrudisha."

Kando ya vidole vile, kwenye upande wa uwanja ambao haukuwahi kuhamishwa, palikuwa na alama nyingine. Ilikuwa ndogo, haizidi upana wa kijiko, vidole vyote vitano vimetanuka.

"Na huyu?" Inspekta aliuliza.

"Huyo ni mimi."

Soksi mpya juu ya mlingoti ilijaa upepo, ikanyooka.

Meneja alikuwa wa kwanza kusema. "Vizuri sana. Limepatikana. Inspekta, hongera. Nitaita vijana walipakie, na saa sita tunaanza."

"Hakuna atakayeligusa."

"Limepatikana!"

"Ulifika kituoni asubuhi, ukasema ni wizi, ukatoa maelezo. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Ukatia sahihi?"

"Nilitia, lakini..."

"Basi hiki ni kielelezo. Na hapa ni eneo la tukio."

"Vielelezo hupelekwa kituoni!" Meneja alipandisha sauti. "Sasa hivi! Mimi najua sheria!"

"Vinavyobebeka," alisema Inspekta. Aliinuka, akasogea pembeni ili meneja aone vizuri. "Nisaidie tu, maana umri unakwenda na macho yangu si yale. Nionyeshe kielelezo kinaishia wapi na uwanja unaanzia wapi. Nitachukua kielelezo, nikuachie uwanja."

Meneja alitazama. Alitazama kiganja, akatazama vidole, akatazama mkono ule mdogo.

"Chukua muda wako," alisema Koplo.

Inspekta hakumsubiri. "Koplo, leta utepe wa polisi. Mwisho huu wa uwanja hadi mnarani. Mpigie simu afisa wa mambo ya kale, mwambie aje kwa miguu yake, asije kwa kioo cha gari. Halafu omba hakimu aje aone mwenyewe. Mpaka aseme yeye, hapa halitembei hata toroli."

"Na wezi?" Meneja alinyoosha kidole. "Wameungama mbele yako!"

"Nimesikia." Inspekta alimgeukia Bibi Soksi. "Bibi, nitaandika ulivyosema. Sitapunguza wala sitaongeza. Utaulizwa mbele ya hakimu."

"Andika. Na nitavaa viatu vyangu vya kutokea."

"Nianze na mimi," alisema Zimamoto. "Mimi ndiye niliyekuwa mbele ya toroli."

"Mbele gani? Ulikuwa unapiga kelele tu," alisema fundi mwashi. Alinyoosha mikono yake miwili inayotetemeka. "Andika mimi nililibeba peke yangu."

"Wewe? Kikombe chenyewe kinakushinda!"

"Jana hakikunishinda."

Wazee walicheka, na fundi akacheka nao, na Inspekta akaandika jina lake pamoja na mengine yote, kila mmoja akisisitiza liandikwe vizuri.

Koplo alifunga utepe kwenye mlingoti wa soksi, akauvuta kuelekea mnarani. Aliuvuta mpaka roli tupu la karatasi likamtoka mkononi.

"Afande, umeisha."

Kutoka ncha ya utepe hadi mnarani palibaki nafasi pana, ya kutosha tingatinga kupita. Dereva wa tingatinga la kwanza, ambaye meneja alikuwa amempungia mkono, alikuwa ameshaingia getini. Mashine ilisogea juu ya saruji waliyokwisha kuisafisha, ikitetemesha ardhi.

Zimamoto aliinua mkono.

Walipanga mstari, bega kwa bega, kuanzia ncha ya utepe hadi ukuta wa mnara, yule mama asiyeona vizuri katikati. Safari hii hawakuinamisha vichwa. Mlinzi alitoka kibandani na kikohozi chake, akasimama mwisho kabisa, kwenye pengo lililobaki.

Tingatinga lilisimama mbele yao. Lilinguruma kidogo, kisha dereva akazima injini.

Alishuka. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mikono myeusi kwa grisi. Aliposimama, kitu kilidondoka kutoka chini ya mashine yake, kikagonga saruji, kikabingirika.

"Nati," alisema mama asiyeona vizuri. "Upande wa kulia kwako, baba."

Mstari mzima ulimtazama dereva. Meneja alikuwa anamwita kwa jina, mara ya pili, mara ya tatu.

Dereva aliinama, akaiokota nati, akaifuta kwa shati lake.

"Niiweke wapi?" aliuliza.

Bibi Soksi alimnyooshea kopo jekundu.